Mstari Mwekundu

"Usogeze huo mstari wa kasi hadi kilomita mia saba, Mhandisi," Kanali Mwinyikai aliamuru. "Ndege za adui zinatuacha nyuma zikishuka kwa kasi."

"Adui ana bawa jingine, Afande. Letu hung'oka likipita mia sita. Tumeshazika marubani wawili."

"Wazembe wale!"

Damu ilimpanda Mhandisi Salhina kichwani. Katika karakana ile, kila aliyechora kikomo cha kasi kwenye kioo cha saa ya mwendo aliandika jina lake kando, rubani alisome kabla ya kuruka. Salhina alichukua wembe, akainama ndani ya ndege iliyokuwa mbele yao, akakwangua mstari, kisha jina lake. Akamkabidhi Kanali brashi.

"Chora unapopataka. Halafu andika lako."

Rubani, aliyekwisha kufunga mkanda kitini humo, alimtazama Kanali. Rangi nyekundu ya brashi ilikuwa ikidondokea buti la Kanali.