Kadi za Kuzima Moto

"Toa hizo kadi za maji kwenye seti yako," mwenye duka aliniambia kabla mashindano ya kadi hayajaanza. "Kazi yake ni kuzima moto, na hapa hakuna tena anayecheza kadi za moto."

Kweli tupu. Moto ulikuwa wa kaka peke yake, na kaka tulimzika juzi.

Nilizitoa moja moja. Ya mwisho ilikuwa na kona iliyotafunwa. Kaka aliitafuna siku nilipomshinda kwayo, akidai mdogo wake ni mchawi.

Sikuhisi kitu.

Nikaingiza mkono kwenye koti lake nililovaa, nikatoa kadi zake za moto, nikaanza kuzichanganya.

"Wakikuona na hizo, wiki ijayo kila mtu atarudisha kadi za maji," mwenye duka akaonya.

"Warudishe," nikasema, nikakaa kwenye kiti cha kaka.