Kaburi Kando ya Chemchemi

Eneo la chemchemi lilikuwa hifadhi. Kibali cha kujenga hapo kilitolewa tu kwa ukoo uliowahi kuzika humo, kwa hiyo Mbaruku, aliyetaka kujenga nyumba hapo, alichimba shimo akalifukia bila maiti, akapanga mawe, akapandikiza nyasi, kisha akajaza kwenye fomu: kaburi la mzee wetu.

Afisa wa ardhi, Bwana Ngwali, alikuja kukagua. Alipoliona kaburi, aliweka fomu na futi ya kupimia chini.

"Tumwombee kwanza, mwanangu. Vipimo havikimbii. Marehemu anaitwa nani?"

Mbaruku hakuwa ametayarisha jina. Lililomtoka ni la baba yake mzazi, ambaye alikuwa amekwisha kuchagua chumba atakacholala katika nyumba hiyo.

"Hemedi bin Faki."

Afisa aliinua viganja akamwombea Hemedi bin Faki apanuliwe kaburi na asamehewe makosa yake, taratibu, bila kuruka neno.

"Amina," Mbaruku alinong'ona.

"Sauti, baba. Huyu si wako? Mwitikie akusikie."

Mbaruku alifungua kinywa. Ng'ambo ya bonde, kati ya mapaa ya mji, moshi ulipanda kutoka uani kwao, ambako mzee Hemedi huchemsha chai saa hizi.