Miguu Minne Katikati

Vita vya Tembo na Nyati vilipokwisha, Chuo cha Bondeni kiliunda timu ya mpira wa kikapu, na Twiga akawa nahodha. Msimu mzima alisimama chini ya kikapu akitumbukiza mipira. Mpira ukidondoka hakuinama. Nguchiro aliukimbilia na kumrushia. Wakashinda mechi zote tisa.

Desturi ya chuo ilikuwa kuipiga picha timu bingwa na kuitundika ukumbini daima. Twiga aliingoja picha hiyo kwa hamu kuliko kombe lenyewe, maana alitaka wajukuu wake wamwone.

Kima, mpiga picha, alichungulia kamera yake. "Bwana Nahodha, piga magoti kidogo."

"Sikuinama mbele ya Simba, niiname mbele ya kijisanduku chako?"

"Basi rudi nyuma kabisa, kaka," Nguchiro akamsihi, "huko utaenea."

"Nyuma? Nahodha hukaa katikati, bwana mdogo. Piga!"

Kima akapiga.

Picha ilipotoka, Nguchiro alionekana hadi sharubu. Kobe, karani wa chuo, hakuwa na mazoea ya kuandika asichokiona. Alivaa miwani, akaandika chini yake: "Kutoka kushoto: Nguchiro, Swala, miguu minne, Ngiri, Nungunungu."

Mpaka leo, wageni wakisimama ukumbini na kuuliza miguu ile ni ya nani, Twiga huinama mlangoni, akapenyeza shingo hadi ndani, akasema, "Ni yangu."