Kadi ya Mbaruku

Kadi ya Mbaruku ilikuwa imesogea tena. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa nyuma kabisa ya droo. Leo ilikuwa ya pili kutoka mbele. Mzee Mhina, mkuu wa ofisi, alihisi kuna mchezo anachezewa.

Ofisi yao pale Korogwe iliwaelekeza watu waliko ndugu zao waliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Kanuni ya droo ilikuwa nyepesi: mtu akiuliziwa, kadi yake inasogezwa hatua moja mbele, ili wanaotafutwa sana wapatikane upesi. Kanuni zote za ofisi zilikuwa za Kiingereza mpaka karani Hosiana alipopewa kazi ya kuzitafsiri. Sasa tafsiri ilikuwa inajaribiwa. Kaleb, karani mwenzake, alifuata Kiingereza kwenye droo yake, Hosiana Kiswahili kwenye ya kwake, na kila swali la dirishani walilisikia wote wawili. Droo zikitofautiana, tafsiri ni mbovu, na Hosiana atarudi kwao Mashewa kushika jembe.

Mhina hakuamini kwamba Kiswahili kingeiweza kazi hiyo. Ndiyo maana alimtega Hosiana kwa jina la Mbaruku, mseja asiye na ndugu, ambaye hakuna wa kumtafuta, hivyo kadi yake isingetarajiwa kusogea. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisimama mezani kwake na kumhoji aliko Mbaruku. Hosiana alimwamkia, akachomoa kadi, akaisoma.

"Yuko Handeni, mzee."

Kisha akairudisha. Kaleb hakuhojiwa. Kiingereza chake Mhina alikiamini kama saa ya stesheni, akawa anaifungua yeye mwenyewe droo ya Kaleb na kuchungulia. Mle Mbaruku alikuwa amelala palepale nyuma.

Basi huyu binti anahongwa, aliwaza Mhina, au Mbaruku ni hawara yake. Hasira zilimpanda hata chai ikamshinda.

Siku hiyohiyo, Ijumaa, alikuja mkaguzi kutoka Tanga. Mhina akaziweka droo mbili mbele yake, akaonyesha tofauti, akamgeukia Hosiana.

"Mweleze mgeni. Dirishani hajauliziwa hata mara moja. Ni nani anayemuulizia huyu Mbaruku?"

Hosiana aliichomoa kadi na kuiweka mbele ya zote.

"Ni wewe, mzee. Na sasa umemuulizia tena."