Sina Swali

"Sina swali," alisema wakili Erifazi, akaketi.

Elise aliinuka nusu kwenye benchi. Shahidi, mlinzi wa daraja la Katunguru, alikuwa ametoka kumweleza hakimu wa Kasese kwamba alimtambua kaka yake Elise, Sosthène, akiendesha lori la kahawa lililoibwa kutoka kwa kapteni mmoja wa jeshi. Ilikuwa usiku, na lori lilimjia taa zote zikiwaka. Hata mtoto angeuliza aliuonaje uso wa dereva.

Bwambale aliuliza. Wiki iliyotangulia, muuza samaki huyo wa Bwera alishtakiwa kwa lori hilo hilo, na shahidi alikuwa huyo huyo. Hakuwa na wakili. Alisimama, kofia yake ya sufu ya kijani yenye kiraka chekundu mkononi, akauliza swali hilo moja, akaachiliwa. Tangu hapo hakuonekana. Watu walisema amevuka mpaka kwenda Kongo kula raha. Mkewe aliapa kwamba hakumuaga.

Asiye na wakili alikuwa huru. Mwenye wakili alifungwa miaka miwili.

Elise alimkabili Erifazi barazani.

"Maître, ule mutu hakuona kitu. Walikupa magunia ngapi ya kahawa?"

Wakili hakumtazama. Alitazama nje, kama alivyofanya kutwa nzima kupitia dirishani. Palikuwa na Peugeot nyeupe tu, na mwanamume wa shati la maua na buti nzito za jeshi akimenya chungwa.

"Dada, mpelekee blanketi na sabuni."

"Uliniambia hivyo jana, na hukumu ilikuwa haijasomwa. Ulijua namna gani?"

"Mubuku ni gereza la shamba. Atalima, atakula, atahesabiwa kila jioni." Akashusha sauti. "Usikate rufaa. Mwaka huu usikate."

Elise alitema mate karibu na kiatu cha wakili, akaondoka.

Aliuza vitenge vyake vyote, akaenda Fort Portal kwa wakili mwingine, Badiru. Erifazi akachelewesha kukabidhi jalada, leo ufunguo umepotea, kesho karani mgonjwa, mpaka Badiru akatishia kumshtaki.

"Wakili anayeficha jalada ana lake jambo, mama," alisema Badiru.

"Nilijua."

Jaji wa Mahakama Kuu alisoma mwenendo wa kesi, akauliza swali lile lile, akafuta hukumu. Erifazi alikuwa ameketi nyuma kabisa, ingawa kesi haikuwa yake tena. Elise alipompita alimcheka waziwazi. Wakili alifungua mdomo, akamwona mtu wa shati la maua nyuma ya Elise, akaufunga.

Kesho yake Elise alipeleka Mubuku hati ya kuachiliwa kwa mkono wake mwenyewe. Sosthène alitoka na blanketi begani, amenenepa kidogo.

"Elise! Kumbe wewe uko avoka kuliko maavoka, unashinda mawakili wote!"

Walicheka hadi machozi, wameshikana mikono, wakaelekea barabarani kutafuta gari la Bwera.

Peugeot nyeupe ilikuwa imesimama nje ya lango, mlango wa nyuma wazi. Dereva hakuwa Bwambale, ila alivaa kofia ya sufu ya kijani yenye kiraka chekundu.

"Wewe, panda," mwenye shati la maua alimwambia Sosthène.

Kisha akamgeukia Elise, kwa heshima zote.

"Asante kwa rufaa, mama."