Sambusa za Ubalozini

Moyo wa mashine unaopiga kifuani mwa mke wangu Zuwena ni mali ya dola ya kigeni. Dola hiyo imegombana na Marekani, na kesho asubuhi inaizima mioyo yake yote na kuichukua.

Nilisoma sheria shule ya usiku hapa Ohio, nikiwa na mvi tayari, kwa hiyo nilisimama mahakamani mwenyewe. Dola ya kigeni haishitakiwi hapa ila ikiwa imefanya biashara.

"Moyo tulipewa bure," nilikiri, "lakini kwetu Pemba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kisanduku kilicholeta moyo, mke wangu alikirudisha ubalozini kimejaa sambusa, wakazila. Walitoa, wakapokea. Hiyo ni biashara."

Jaji alimgeukia Zuwena. "Mama, sambusa zile zilikuwa malipo?"

Nilimkazia macho. Neno moja tu lilitosha.

"Malipo?" Zuwena alishtuka kama aliyetukanwa. "Astaghfirullahi! Mtu akupe uhai, wewe umlipe sambusa? Ile ilikuwa heshima tu."

Jaji aliinamisha kichwa, akaifuta kesi.

Jioni hii Zuwena yuko jikoni, anakanda unga.

"Ungesema ndiyo, Zuwena. Ndiyo moja tu!"

"Niape, kisha niseme uongo? Acha kulia, Baba Salha, nikatie vitunguu."

"Vitunguu vya nini?"

"Asubuhi watu wa ubalozi watakuja na kisanduku chao. Mimi sitakuwepo kuwaandalia."