Filamu Haifutiki

Kamera yangu kuukuu, ile ya kuegemeza begani kama bunduki, ilikuwa ikitafuta korongo ufukweni Kisegi. Lenzi yake ndefu ikanivutia karibu mwenyeji wangu, Omuga, akikwangua jina la mwenye mali kwenye injini ya boti iliyoibwa kisiwani Mfangano. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Omuga aliniona, akapanda mwambani nilipokuwa, na panga lile la kukwangulia.

"Jaduong', mzee wangu, futa hiyo picha."

"Hii ni ya filamu, kijana wangu. Haina kufuta."

"Basi nionyeshe."

"Haionyeshi pia, mpaka isafishwe."

Nikafungua mgongo wa kamera, nikaivuta filamu yote nje, jua likaiunguza.

"Imekufa. Hakuna kitu tena."

Omuga aliichungulia, kisha akaniangalia mimi.

"Na hiyo iko kwa macho yako, tutaifuta aje?"